Walioshika Kalamu ya Mfalme: Waandishi wa Ikulu katika Israeli na Yuda ya Kale

Yapata mwaka 1350 KK, zaidi ya miaka mia tatu kabla ya Daudi, Yerusalemu ulikuwa mji mdogo wa mlimani chini ya mtawala aliyeitwa Abdi-Heba, aliyekuwa chini ya himaya ya Misri. Barua zake kwa Farao zimo katika rundo la mabamba ya udongo, zaidi ya 300, lililoanza kufukuliwa huko Tell el-Amarna mwaka 1887. Amezijaza malalamiko: maadui wamemzunguka, askari alioomba hawaletwi, majirani wanamchongea kwa bwana wake. Lakini kinachovutia zaidi ni nyongeza anayoiweka mwishoni mwa barua kadhaa. Hapo hasemi tena na Farao. Anamgeukia mwandishi wa Farao, anajiita mtumishi wake, na kumsihi ayafikishe maneno yake kwa mfalme kwa ufasaha. Mtawala wa mji mzima anamnyenyekea karani. Alijua kwamba Farao hatalisoma bamba lile mwenyewe. Atasomewa, na msomaji ndiye atakayeamua neno lipi litamkwe kwa uzito na lipi lipite juujuu.

Nguvu hiyo aliyoiona Abdi-Heba ndiyo iliyokuja kukaa ndani ya Yerusalemu yenyewe mji ulipopata wafalme wake. Wengi wetu tukisikia neno “waandishi” tunawakumbuka wale wa Injili, wanaotajwa sambamba na Mafarisayo. Hao walikuwa wataalamu wa torati, na waliishi karne nyingi baadaye. Mwandishi wa mfalme alikuwa ofisa wa serikali, mwenye chumba chake ndani ya jumba la kifalme. Ni makosa kumwona kama mtu wa kunakili alichoambiwa tu. Alisimama kati ya sauti ya mfalme na utekelezaji wake, kati ya fedha na hesabu yake, na nafasi hiyo ilimwezesha kuendesha dola na pia, ilipobidi, kulinda maneno ambayo mfalme hakutaka yabaki.

Mwanzo wa kazi hii katika Israeli ni mdogo kuliko tunavyodhani. Orodha za maofisa wa Daudi katika 2 Samweli zinamtaja mwandishi mmoja tu kila mara: Seraya katika sura ya 8, Sheva katika sura ya 20. Kwa Sulemani, 1 Wafalme 4 inataja wawili, Elihorefu na Ahiya, watoto wa baba mmoja. Jirani yao katika orodha ni Yehoshafati, mtunza kumbukumbu, aliyeishika kazi hiyo tangu enzi ya Daudi. Jina la baba wa ndugu wale wawili limetufikia kwa maumbo tofauti tofauti, na wapo wataalamu wanaoamini kwamba alikuwa mgeni, pengine kutoka Misri. Mimi naona ushahidi wenye nguvu zaidi wa mkono wa Misri uko kwenye tarakimu. Waandishi wa Kiebrania waliandika maneno kwa alfabeti yao ya herufi 22, lakini walipofika kwenye hesabu walitumia tarakimu za Kimisri. Zimeonekana Samaria, zimeonekana Aradi, na huko Kadesh-Barnea, mpakani mwa jangwa, vimepatikana hata vigae vya mazoezi ambavyo mwanafunzi alipanga tarakimu hizo kwa mfuatano. Mfumo wa namna hiyo hauokotwi njiani. Mtu ameufundisha, na mwanafunzi wake akamfundisha mwingine.

Kuna ubishi mkubwa kuhusu ukubwa wa dola ya Sulemani. Maandishi ya karne ya 10 KK yaliyopatikana ni machache mno. Maarufu kuliko yote ni kibao cha Gezeri, kilichopatikana mwaka 1908, chenye mistari michache inayotaja miezi ya kupanda, kuvuna na kupogoa. Kuanzia karne ya 8 ndipo maandishi yanapoongezeka kwa kasi: mihuri, vigae, maandishi ya ukutani. Wapo wanaohitimisha kwamba ikulu ya Sulemani haikuwa na waandishi wowote wa maana. Sikubaliani nao, wala sikubaliani na wale wanaochora picha ya wizara iliyojaa makarani. Orodha yenyewe inasema watu wawili, na ikulu ndogo inaweza kabisa kuwa na watu wawili wanaojua kuandika.

Kazi zao za kila siku zinaonekana vizuri zaidi kwenye vigae kuliko kwenye Biblia. Kigae ni kipande cha chungu kilichovunjika, kinachookotwa bure na kuandikwa kwa kalamu ya tete na wino wa masizi. Mwaka 1910, msafara wa Chuo Kikuu cha Harvard ulifukua katika eneo la ikulu ya Samaria, mji mkuu wa ufalme wa kaskazini, vigae zaidi ya 100 vya nusu ya kwanza ya karne ya 8 KK. Vinafanana sana: mwaka wa utawala, mahali bidhaa ilikotoka, jina la mtu, kisha mtungi wa mvinyo wa zamani au wa mafuta yaliyosafishwa. Wachambuzi hawajakubaliana kama hizo ni kodi au ni mahitaji ya wakubwa waliokaa ikulu yakiletwa kutoka mashamba yao. Lakini mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv walipima maumbo ya herufi katika vigae 31 kwa programu za kompyuta, wakakuta mikono miwili tu. Watu wawili walikaa kwenye ghala la mfalme wakiandika kila mtungi ulioingia, na kumbukumbu yote ya mali hiyo iliwapitia wao.

Kusini, katika ngome ya Aradi, hali ya mwaka 600 KK hivi ni tofauti. Yohanan Aharoni alichimba pale katika miaka ya 1960 na kupata barua alizopelekewa Elyashibu, mtu aliyeshika ghala la ngome. Mihuri mitatu yenye jina lake ilipatikana pia. Barua moja inamwagiza awape Wakitimu, ambao huenda walikuwa askari wa kukodiwa kutoka ng’ambo ya bahari, kiasi fulani cha mvinyo, kisha aandike tarehe. Baada ya hapo awapimie unga wa mkate kutoka kwenye akiba ya zamani. Agizo la kuandika tarehe linaeleza mengi kuhusu serikali ile. Mvinyo hautoki ghalani bila siku yake kuandikwa, maana mtu fulani mahali fulani ataijumlisha mwishoni mwa mwezi. Elyashibu mwenyewe hakuwa mwandishi wa mfalme. Lakini amri iliyomfikia, mtindo wake, hata mpangilio wa herufi zake, vilitokana na elimu moja. Maandishi ya Aradi na ya Yerusalemu yanafanana kwa namna ambayo wataalamu wa hati za kale, Christopher Rollston akiwa mmoja wao, wanaiona kuwa dalili ya mafunzo rasmi, si ya watu waliojifunza kila mmoja kivyake.

Hekaluni, mwandishi alikuwa mkaguzi. Wakati wa mfalme Yoashi, karne ya 9 KK, sanduku lenye tundu kwenye kifuniko liliwekwa kando ya madhabahu kwa ajili ya fedha za matengenezo. Lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikuja pamoja, wakahesabu na kuzifunga fedha katika mifuko. Wawili, si mmoja. Hekalu halikuachiwa kujihesabia. Jeshi nalo lilikuwa na mwandishi wake, aliyeorodhesha watu wa kwenda vitani. Na Mithali 25 inafunguka kwa taarifa kwamba watu wa mfalme Hezekia ndio walionakili mithali zinazofuata. Yaani ofisi zilizohesabu mvinyo na askari zilihesabu pia misemo ya wenye hekima, na hatuna sababu ya kuzitenga kazi hizo mbili kama tunavyofanya leo.

Mwaka 701 KK, jeshi la Senakeribu wa Ashuru lilipoizingira Yuda, Hezekia alituma watu watatu wakazungumze na mjumbe wa Ashuru: Eliakimu msimamizi wa jumba la mfalme, Shebna mwandishi, na Yoa mtunza kumbukumbu. Walimwomba mjumbe yule aseme Kiaramu, lugha waliyoifahamu, asiseme Kiyahudi mbele ya watu waliokaa ukutani. Alikataa, akapaza sauti kwa lugha ya watu. Hapo ndipo tunaona mipaka ya mwandishi. Nguvu yake ilitegemea kwamba ujumbe upite kwake kwanza, na Mwashuru alijua hilo, akamruka. Shebna huyu yaelekea ndiye yule ambaye Isaya 22 inamlaumu kwa kujichongea kaburi la fahari mwambani, alipokuwa bado msimamizi wa jumba. Mwaka 1870 Charles Clermont-Ganneau aligundua huko Silwan, Yerusalemu, mkabala na Mji wa Daudi, maandishi ya kaburi la ofisa mwenye cheo hicho hicho. Jina lake limekatika, ikabaki sehemu ya mwisho tu, nayo inaafikiana na umbo refu la jina Shebna. Inawezekana kabisa kuwa ni yeye, ingawa siwezi kuapa.

Nyumba iliyoipa kazi hii uzito wake mkubwa kuliko zote ni ya Shafani. Katika mwaka wa 18 wa Yosia, 622 KK, mfalme alimtuma Shafani mwandishi aende hekaluni kushughulikia fedha za mafundi. Kuhani mkuu Hilkia akamkabidhi kitabu cha torati alichosema amekiona nyumbani mwa Bwana. Shafani alikisoma kwanza yeye mwenyewe. Kisha akarudi kwa mfalme, na mpangilio wa taarifa yake, kama ulivyo katika 2 Wafalme 22, unafaa kutazamwa kwa makini. Alianza na hesabu: fedha zimetolewa, wamekabidhiwa wasimamizi. Hapo ndipo alipoongeza, kana kwamba ni jambo la pembeni, kwamba Hilkia amempa kitabu. Na akakisoma mbele ya mfalme. Mfalme akararua mavazi yake, na matengenezo makubwa kuliko yote katika historia ya dini ya Yuda yakaanza.

Tangu W. M. L. de Wette alipochapisha utafiti wake mwaka 1805, wachambuzi wengi wamekihusisha kitabu kile na Kumbukumbu la Torati. Wengine wanaona kwamba kiliandikwa muda mfupi tu kabla ya kuonekana kwake, na mikono ya waandishi wa ikulu imo ndani yake. Vyovyote iwavyo, Shafani alikuwa na uchaguzi. Angeweza kukificha, angeweza kukisoma nusu, angeweza kumpa mfalme muhtasari wenye kumtuliza. Aliamua kukisoma chote, na kisha yeye, Hilkia na wenzao wakatumwa kwa nabii mke Hulda kuuliza maana yake. Hulda alithibitisha yaliyosomwa. Katika tukio lile mwandishi, kuhani na nabii walishikamana, na mfalme akafuata.

Miaka 18 hivi baadaye mwana wa Yosia alitoa jibu tofauti kabisa. Mwaka 605 KK, mwaka wa nne wa Yehoyakimu, nabii Yeremia alimwita Baruku mwana wa Neria akamtamkia maneno yote ya unabii wake, na Baruku akayaandika kwa wino katika gombo. Baruku hakuwa mtu wa pembeni. Ndugu yake Seraya alikuwa na cheo katika ikulu ya mfalme Sedekia. Baruku ndiye pia, katika Yeremia 32, aliyekabidhiwa hati ya kununua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, nakala moja imetiwa muhuri na nyingine wazi, zikawekwa katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tisa, siku ya mfungo, Baruku alilisoma gombo lile hadharani hekaluni, akiwa katika chumba cha Gemaria mwana wa Shafani. Chumba hicho hakikupatikana kwa bahati, mtu alikifungua. Mikaya, mwana wa Gemaria, aliposikia alishuka mpaka jumba la mfalme, akaingia chumba cha mwandishi, akawakuta maofisa wamekaa pamoja: Elishama mwandishi, Delaya, Elnathani, Gemaria baba yake na wengine. Wakamwita Baruku, wakamwambia aketi na asome. Walipomaliza kusikiliza walitetemeka, kisha wakamuuliza swali la watu wa kazi: umeyaandikaje maneno haya? Baruku akajibu kwamba nabii alimtamkia, naye akaandika kwa wino. Walitaka kujua chanzo cha hati kabla ya kuipeleka mbele. Wakamwambia Baruku yeye na Yeremia wajifiche, mtu yeyote asijue walipo. Gombo wakaliweka katika chumba cha Elishama, wao wakaenda kwa mfalme kumpa habari kwa mdomo.

Mfalme alikuwa katika nyumba yake ya wakati wa baridi, moto ukiwaka mbele yake. Alimtuma mtu aitwaye Yehudi alete gombo. Kila Yehudi aliposoma kurasa tatu nne, mfalme alizikata kwa kijembe cha mwandishi na kuzitupa motoni, mpaka gombo lote likaisha. Kijembe kile kilikuwa chombo cha kazi cha mwandishi, cha kuchongea kalamu na kukatia mafunjo. Elnathani, Delaya na Gemaria walimsihi mfalme asilichome, hakuwasikia. Na Elnathani huyu ndiye aliyewahi kutumwa Misri kumrudisha nabii Uria, ambaye Yehoyakimu alimuua kwa upanga. Maofisa wale hawakuwa watakatifu. Walikuwa watu wa serikali waliofanya mabaya waliyoamriwa, ila siku ile waliona kuchoma hati kumevuka mpaka. Baruku akachukua gombo jingine, Yeremia akamtamkia upya, na maneno mengine mengi yakaongezwa.

Je, kalamu ilikuwa yao peke yao? Kufikia mwisho wa ufalme, hapana. Watafiti wa Tel Aviv walipochunguza vigae vya Aradi mwaka huo huo wa 2020, safari hii pamoja na mtaalamu wa miandiko wa polisi, walitambua waandishi wasiopungua 12 katika maandishi 18. Katika barua za mji wa Lakishi, zilizopatikana mwaka 1935 na James Leslie Starkey, ofisa mdogo aitwaye Hoshayahu anamwandikia mkubwa wake Yaushi kwa uchungu. Ameambiwa hajui kusoma. Anaapa kwa jina la Mungu kwamba hakuna mtu aliyewahi kumsomea barua, na kila inayomfikia huisoma mwenyewe na kuweza kuieleza. Aibu ile haingekuwepo kama kusoma kungekuwa bado siri ya watu wa ikulu.

Lakini mkulima wa kawaida aliendelea kuhitaji mkono wa mwingine. Kigae kilichopatikana mwaka 1960 kwenye ngome moja ya pwani karibu na Yavne-Yam kina malalamiko ya mvunaji kwa mkuu wa ngome. Amemaliza kuvuna sehemu yake, kisha msimamizi akamnyang’anya vazi lake. Anarudia jambo hilo hilo mara kadhaa, anasema wenzake waliovuna naye juani watamshuhudia, anaomba vazi lirudi. Marudio yale ni ya mtu anayesema, na karani aliyeketi mbele yake anaandika anavyosikia, bila kumnyoosha lugha. Katika maandishi yote ya Kiebrania ya zama zile, hiki ndicho ninachokithamini kuliko chote. Sheria ya Kutoka 22 inaagiza vazi la maskini lililowekwa rehani lirudishwe kabla ya jua kuchwa. Kigae kinatuonyesha kwamba mtu asiye na kitu aliweza kudai haki hiyo kwa maandishi, mradi karani akubali kumwandikia.

Wapo ambao hawakukubali. Isaya 10 inawalaani waandikao amri za kuwadhulumu maskini, na Yeremia 8 inaishtaki kalamu ya waandishi kwa kuigeuza torati kuwa uongo. Nyumba ya Yonathani mwandishi iligeuzwa gereza, na Yeremia, aliyefungwa humo, alimsihi Sedekia asimrudishe asije akafa. Kazi ile ile iliyomhifadhi nabii ilimtesa, na hiyo haikuwa ajabu. Mwandishi alikuwa na bwana, na wengi walimtii bwana wao mpaka mwisho.

Hati nyingi zilikuwa za mafunjo, nayo yakaoza. Mwaka 1982, Yigal Shiloh alipochimba Mji wa Daudi, alikuta ndani ya nyumba moja lakiri 51 za udongo, zile zilizobanwa juu ya kamba za hati na kupigwa muhuri. Moto wa Wababeli wa mwaka 586 KK uliteketeza hati zote na kuzichoma lakiri zikawa ngumu. Mojawapo ina jina la Gemaria mwana wa Shafani. Ilipatikana na wachimbaji penyewe, chini ya majivu. Lakiri maarufu zaidi yenye jina la Baruku mwana wa Neria mwandishi ilitokea sokoni, mikononi mwa wafanyabiashara wa vitu vya kale, na mwaka 2014 Yuval Goren na Eran Arie walionyesha kwamba ni ya kughushi. Inauma, kwa sababu tulitaka sana iwe kweli. Lakini jina la Gemaria linatosha, na tukilinganisha lakiri hizo mbili tunajifunza kutomwamini muuzaji asiyetaja shimo alilochimba.

Baada ya Yerusalemu kuanguka, Nebukadreza mfalme wa Babeli alimweka Gedalia mwana wa Ahikamu, mjukuu wa Shafani, kuwa liwali huko Mispa. Ahikamu ndiye aliyemkinga Yeremia asiuawe, na Elasa mwana mwingine wa Shafani ndiye aliyeibeba barua ya nabii kwenda kwa waliohamishwa Babeli. Gedalia aliuawa na mtu wa ukoo wa kifalme. Ufalme ulikuwa umekwisha, na kitabu cha tarehe za wafalme wa Yuda, ambacho waandishi wa ikulu walikitunza na ambacho Biblia inakitaja tena na tena, kimepotea moja kwa moja. Gombo la Yeremia, lililochomwa na mfalme, limebaki, kwa sababu nakala zake ziliishi nje ya ikulu, mikononi mwa watu waliojua kuandika na wasio na bwana wa kuwakataza.

Mtu wa kwanza kutajwa kwa heshima kubwa kama mwandishi baada ya hapo ni Ezra. Alitumwa na Artashasta wa Uajemi akiwa na barua ya kifalme mkononi, lakini kazi iliyomleta ilikuwa torati. Katika Nehemia 8 anasimama juu ya jukwaa la mbao mbele ya Lango la Maji, siku ya kwanza ya mwezi wa saba, na kusoma tangu alfajiri hadi adhuhuri. Shafani alisoma mbele ya mfalme mmoja. Ezra anasoma mbele ya wanaume, wanawake na wote wanaoweza kufahamu, huku Walawi wakipita kati ya watu kuwaeleza maana.